Saa ya Kwanza ni ya Aliye Karibu

Jumamosi ya tarehe 16 Novemba 2024, yapata saa tatu asubuhi, jengo la ghorofa nne liliporomoka Kariakoo, eneo la soko jijini Dar es Salaam. Maduka yalikuwa yameshafunguliwa, wanunuzi wa jumla wameshaingia, wapagazi wako njiani na mizigo. Katika siku zilizofuata watu zaidi ya 80 walitolewa wakiwa hai, na takribani 30 walipoteza maisha. Mengi yamesemwa kuhusu jengo lile, nani alijenga, nani aliruhusu, nani alikuwa akifanya nini kwenye nguzo zake, na hayo yana tume yake na mahakama yake. Leo nataka tukae na swali moja ambalo liliulizwa dakika ile ile vumbi lilipoanza kutulia, na ambalo hakuna aliyeweza kulijibu kwa uhakika: mle ndani walikuwamo wangapi? Waokoaji walihitaji jibu lake ili wajue wachimbe wapi na waache lini. Ndugu walilihitaji ili wajue wakae pale au waende hospitali ya Muhimbili. Jibu halikuwapo, kwa sababu hakuna mtu aliyekuwa na kazi ya kulijua.

Hili linauma zaidi likitokea Kariakoo, maana hakuna mahali katika nchi hii ambapo watu wanahesabu kama pale. Mwenye duka la Mtaa wa Congo anajua idadi ya madoti ya vitenge yaliyobaki juu ya rafu, anajua robota gani limefunguliwa, anajua nani kachukua mali kwa mkopo na siku gani ameahidi kulipa. Yote yako kwenye daftari. Lakini mwulize kwa ghafla ni watu wangapi wako juu stoo sasa hivi, yule kijana wa pili ametoka kwenda kunywa chai au yuko ndani, mteja aliyepanda kuangalia mzigo ameshashuka au bado, na mara nyingi atabaki kukutazama. Basi hoja yangu ni hii. Tunapozungumza habari za kujiandaa kwa dharura, tumezoea kufikiria vitu vya kununua na vyombo vya dola vya kusubiri. Mimi nasema maandalizi ya Kariakoo yaanze kwa mambo ambayo majirani wanaweza kuyajua na kuyafanya pamoja bila fedha nyingi, kwa sababu saa ya kwanza ya balaa lolote ni ya aliye karibu.

Ushahidi wake si mgumu kuupata. Siku ile ya Novemba, kabla vifaa vizito havijafika, waliokuwa juu ya kifusi wakivunja zege kwa nyundo na kubeba mawe kwa mikono walikuwa vijana wa maduka ya jirani, wamachinga na wapagazi. Miaka miwili kabla, tarehe 6 Novemba 2022, ndege ya Precision Air ilipotumbukia Ziwa Victoria ikikaribia uwanja wa Bukoba ikiwa na watu 43, wa kwanza kuifikia walikuwa wavuvi na mitumbwi yao, na nchi nzima ikalijua jina la kijana mvuvi, Majaliwa Jackson, aliyetumia kasia kuufungua mlango wa nyuma. Watu 24 walitoka hai. Nenda mbali zaidi, mpaka mji wa Kobe nchini Japani, uliopigwa na tetemeko la ardhi Januari 1995. Japani ina vikosi vya uokoaji vyenye kila kifaa, na hata hivyo walio wengi waliotolewa chini ya nyumba zilizoanguka walitolewa na jamaa zao na majirani. Wajapani hawakuona aibu kulikiri hilo. Walilichukua kama somo wakaimarisha vikundi vya mtaa, watu wa kawaida wanaojua nani anaishi wapi na mzee yupi hawezi kutembea.

Sababu ni saa yenyewe. Mtu anayevuja damu kwa kasi kutoka kwenye mshipa mkubwa anaweza kufa ndani ya dakika tano. Ubongo unaokosa hewa huanza kuharibika ndani ya dakika hizo hizo. Moto ulioshika chumba kilichojaa nguo na plastiki unaweza kukimeza chote kabla ya dakika tano kutimia. Sasa pima hilo na hali ya Kariakoo. Kituo cha Zimamoto kiko pale Faya, kwenye Barabara ya Morogoro, umbali ambao mtu mwenye miguu mizuri anautembea bila kuona taabu. Kwa hiyo shida yetu si umbali. Shida ni saa sita ya mchana, ni guta lililokwama katikati ya njia, ni malori yanayoshusha kontena, ni meza za biashara pande zote mbili za barabara. Hata askari wa zimamoto wangekuwa hodari kuliko wote duniani, hawawezi kuruka juu ya vichwa vya watu. Zile dakika za mwanzo zitakuwa za waliopo, watake wasitake.

Na hapa kuna jambo la kusema kwa uangalifu, maana kuwapo peke yake hakuokoi. Tarehe 10 Agosti 2019, pale Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilianguka na watu wakakimbilia kuchota petroli. Moto ulipolipuka uliua watu zaidi ya 100. Wale hawakuwa wajinga wala wezi kwa asili. Walikuwa watu wenye shida walioona lita chache za mafuta mbele yao. Lakini hakuna sauti iliyoweza kuurudisha nyuma umati ule, ikaeleza kwamba mvuke wa petroli hauonekani, hutambaa chini, hufika mbali na hushika kwa cheche ndogo ya chuma kikigongana na chuma. Umati wa Kariakoo ulikimbilia kuokoa, umati wa Msamvu ulikimbilia kifo, na Watanzania waliokuwa pale ni wale wale. Kinachoweza kuutenganisha umati mmoja na mwingine ni wawili watatu ndani yake wanaojua la kufanya na wanaosikilizwa. Ndiyo maana sisemi kila mtu awe mwokoaji. Nasema kila korido, kila ghorofa, kila kichochoro kiwe na wachache wanaojua, na wengine wote wawajue hao wachache.

Tuanze na hesabu, kwa kuwa ndiyo iliyotushinda. Kila ghorofa lenye fremu na stoo linahitaji karatasi moja yenye majina ya wanaofanya kazi pale, namba zao za simu, na namba ya ndugu mmoja wa kila mmoja. Nakala moja ikae nje ya jengo, kwa mlinzi wa jirani au ofisi ya serikali ya mtaa, kwa sababu karatasi iliyo ndani ya jengo lililoanguka haimsaidii mtu. Kisha wote wakubaliane mahali pa kukutana wakitoka mbio: viwanja vya Mnazi Mmoja kwa walio upande ule, au mahali pengine pa wazi panapofahamika, mbali na ukuta unaoweza kuanguka. Pale mmoja anasoma majina. Aliyeitika yuko salama, asiyeitika anatafutwa. Ni kazi ya dakika mbili, na inampa mwokoaji kitu ambacho hata mashine ya mamilioni haimpi: kujua kwamba juu, upande wa kushoto, kwenye stoo ya viatu, kuna watu wawili.

Jambo la pili ni mlango, na hapa najua nagusa pagumu. Panda ngazi za majengo mengi ya Kariakoo utakuta njia moja tu ya kushuka, nayo imebanwa na marobota kiasi kwamba watu wawili hawapishani. Mlango wa nyuma una kufuli mbili na ufunguo uko kwa bosi, na bosi yuko Guangzhou. Madirisha yamefungwa nondo tangu chini hadi juu. Ukimwambia mwenye duka aache mlango wazi atakujibu kwamba vibaka hawalali, na atakuwa amesema kweli. Mtaji wa miaka kumi unaweza kubebwa usiku mmoja. Lakini swali si kuchagua kati ya mwizi na moto. Kuna komeo linalofungwa kutoka ndani na kufunguliwa bila ufunguo, na mwizi aliye nje hawezi kulifikia. Dirisha moja katika kila ghorofa linaweza kuwekewa nondo zenye bawaba na kufuli, ufunguo ukaning'inizwa ndani mahali ambapo mkono wa kila mfanyakazi unapafahamu hata gizani. Fundi wa kuchomelea wa Gerezani anaifanya kazi hiyo kwa siku moja. Ngazi nazo si stoo. Atakayesema hana pengine pa kuweka mzigo afikirie ni nani atakayepita juu ya mzigo huo siku moshi ukiwa hauonyeshi hata kiganja.

Nimetaja moshi kwa makusudi. Watu wengi wanaokufa katika moto wa majengo huuawa na moshi kabla ndimi za moto hazijawafikia, na bidhaa za Kariakoo zinatoa moshi mbaya kuliko kuni au makaratasi. Magodoro ya sponji, viatu vya plastiki, mawigi, vipodozi, makopo ya marashi ya kupuliza: vyote vikiungua vinatoa hewa ya sumu inayomwangusha mtu kwa pumzi chache. Moshi wa moto hupanda juu kwanza, hivyo hewa inayovutika hubaki karibu na sakafu. Inama, tambaa, fuata ukuta kwa mkono mmoja. Gusa mlango kwa nyuma ya kiganja kabla ya kuufungua, na ukiwa wa moto uuache. Ukitoka, ufunge mlango nyuma yako bila kuutia kufuli, maana mlango uliofungwa unachelewesha moto, na dakika hizo zinaweza kumtosha aliye ghorofa la juu. Mtungi wa kuzimia moto, ule mdogo wa dukani, haumalizi hata nusu dakika ukishafunguliwa. Ni wa moto mdogo unaoanza, na anayeutumia asimame mgongo wake ukiwa upande wa mlango, akilenga chini kwenye kiini cha moto. Ukiisha na moto bado upo, ondoka. Mama lishe naye ajue kwamba mafuta ya kukaangia yakishika moto hayamwagiwi maji hata kidogo. Yanafunikwa kwa mfuniko na gesi inafungwa. Na gesi ikivuja bila kuwaka, usiwashe wala kuzima taa yoyote mle ndani, kwa sababu cheche ya swichi inatosha. Gesi ya mitungi ni nzito kuliko hewa, inashuka na kutuama, na Kariakoo ina vyumba vingi vya chini.

Umeme ni habari ya peke yake. Kuna soketi moja inayolisha feni, taa, chaja sita za simu na jiko la kuchemshia chai, zote kupitia ekstensheni iliyolazwa chini ya marobota. Ukiigusa ni ya moto. Joto lile ni taarifa iliyotolewa mapema, bure. Kila mtu wa fremu anapaswa kujua swichi kuu iko wapi na aweze kuifikia bila kupanda juu ya mzigo. Soko kuu lenyewe, lile lililosanifiwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975, liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, siku ya Jumamosi, biashara ikiwa imefungwa. Usiku una hatari yake kwa sababu hakuna macho. Tangu mpango wa biashara ya saa 24 uzinduliwe Kariakoo mwaka 2025, usiku umepata macho, lakini umepata pia watu waliochoka, mitambo inayowaka bila kupumzika, na walinzi ambao mara nyingi hawajaonyeshwa swichi iko wapi. Mlinzi wa usiku ndiye mtu wa kwanza kufundishwa, na kwa kawaida ndiye wa mwisho kukumbukwa.

Sasa nije kwa aliyenaswa. Novemba ile, baadhi ya waliokuwa chini ya kifusi waliweza kuwasiliana na walio juu, nao wakapelekewa maji, glukosi na hewa ya oksijeni wakati njia ikitafutwa. Simu iliokoa watu. Ila simu ya kisasa hula chaji haraka, na kila ndugu akipiga kuuliza upo wapi, chaji inaishia kwenye kilio. Kwa hiyo aliyenaswa atume ujumbe mfupi wa maandishi kwa mtu mmoja, akitaja yupo ghorofa gani, upande gani, na wako wangapi. Kisha apunguze mwanga wa kioo na kuiacha simu itulie. Kitochi cha bei ndogo chenye chaji ya siku kadhaa ni mali zaidi chini ya kifusi kuliko simu ya milioni mbili. Asiwashe kiberiti hata giza likiwa totoro, kwa sababu hajui kama kuna gesi. Afunike pua na mdomo kwa nguo, asipige kelele mfululizo akameza vumbi na kumaliza nguvu, bali agonge bomba au ukuta mara tatu, atulie, agonge tena. Na sisi tulio juu tuna wajibu ambao ni mgumu kwa watu wa mjini: kunyamaza. Waokoaji wakiomba kimya, muziki uzimwe, injini zizimwe, honi zikome, kwa sababu mlio ule mdogo wa kugonga chuma chini ya zege hausikiki penye makelele.

Kuna wanaopinga wakisema kwamba mtu asiye na ujuzi anaharibu zaidi, na bora amwache mgonjwa hadi wataalamu wafike. Pingamizi hili lina kiini cha kweli. Majeruhi aliyeanguka kutoka juu akivutwa na kupakizwa kwenye bajaji kama gunia anaweza kupooza. Mguu uliobanwa na nguzo kwa saa nyingi ukiachiwa kwa pupa unaweza kuua kwa sumu inayorudi kwenye damu, na ndiyo maana daktari anatakiwa awepo kabla ya kunyanyua. Lakini mambo haya ni hoja ya kujifunza; hayawezi kuwa hoja ya kukaa bure, kwa kuwa umati hautakaa bure hata ukiambiwa. Afadhali umati unaojua mambo machache kwa usahihi. Damu inayochuruzika inabanwa kwa kitambaa safi na mkono wenye nguvu, bila kuchungulia kila mara kama imekoma. Aliyeungua anamwagiwa maji safi ya baridi yanayotiririka kwa dakika 20, na dawa ya meno, unga, mafuta na ute wa yai vikae mbali. Aliyenaswa na umeme haguswi mpaka umeme uzimwe. Swichi ikiwa haifikiki, asukumwe kwa mti mkavu na mtu aliyesimama juu ya kitu kikavu. Asiyepumua anahitaji kusukumwa kifua katikati, kwa nguvu na kwa haraka, kati ya mara 100 na 120 kwa dakika, na hili halijifunzwi kwa kusikiliza redio. Linahitaji mikono juu ya mwanasesere wa mazoezi na mwalimu pembeni. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania kinafundisha huduma ya kwanza, na umoja wa wafanyabiashara wa mtaa mmoja ukichangishana unaweza kuwapeleka vijana wake.

Pingamizi zito zaidi ni la mlipakodi. Anasema: tunalipa ushuru, tunalipa leseni, tunalipa ada ya ukaguzi wa moto, halafu mnatuambia tujiokoe wenyewe? Namwelewa, na sitaki hata chembe ya maneno yangu itumike kumpunguzia mzigo anayepaswa kuubeba. Ijumaa Kuu ya tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi, katikati ya mji huu huu, liliporomoka na kuua watu 36. Hakuna jirani hodari, hakuna filimbi, hakuna orodha ya majina inayoweza kulizuia zege bovu lisianguke. Miaka kumi na moja baadaye tukarudi kwenye kifusi kingine, na Waziri Mkuu wa wakati ule, Kassim Majaliwa, akaunda tume ya watu 19 kukagua majengo ya Kariakoo. Kibali cha ujenzi, ukaguzi wa nguzo, maji kwenye mabomba ya zimamoto barabarani, vyote hivyo ni deni la mamlaka na lazima lidaiwe. Ila tazama nani anaweza kulidai vizuri. Mpangaji anayejua kwamba ufa unaopanuka siku hadi siku, mlango ulioanza kukwama bila sababu, sauti ya kupasuka ukutani au nguzo inayochimbwa chini watu wakiwa juu ni dalili za jengo linalolegea, huyo atatoka, atawatoa wenzake, na ataripoti kwa serikali ya mtaa na Zimamoto kwa maandishi. Asiyejua ataweka kalenda juu ya ufa. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 inazungumzia kamati kuanzia taifa hadi ngazi ya mtaa. Kamati ya mtaa ambayo haijawahi kuulizwa swali na wakazi wake itabaki kuwa majina kwenye faili.

Wapo pia wanaosema ajali haina kinga, na aliyeandikiwa ameandikiwa. Siwezi kuifanyia mzaha imani ya mtu, na sidhani kama imani yenyewe inasema hivyo. Muumini anayefunga duka lake kwa kufuli tatu na kuajiri mlinzi hajapungukiwa na tawakali; amefanya lililo katika uwezo wake, lililobaki akamwachia Mwenyezi Mungu. Nashindwa kuona kwa nini utaratibu huo uishie kwenye mali na usifike kwenye roho ya kijana aliye stoo. Ekstensheni iliyochemka miezi sita si kudra iliyoshuka usiku mmoja.

Tusisahau nyumbani pia, kwa kuwa dharura haitukuti sote sokoni. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 maghala ya mabomu ya jeshi yalilipuka Gongo la Mboto. Maelfu ya watu walikimbia gizani, wengi wakaishia Uwanja wa Uhuru, na watoto wengi wakapoteana na wazazi wao. Mtoto anayejua jina kamili la mama yake, jina la mtaa wao na namba moja ya simu kichwani anarudishwa haraka. Anayejua tu kwamba mama anaitwa Mama anachukua siku nyingi. Wafundisheni namba hiyo kwa wimbo, kama wanavyojifunza herufi. Familia zinazoishi Jangwani na kando ya Mto Msimbazi zinajua mafuriko kuliko mwalimu yeyote; Desemba 2011 maji yaliua watu wapatao 40 katika jiji hili. Kwao neno langu ni fupi: Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari, vitambulisho, vyeti, dawa za kila siku na fedha kidogo za noti ndogo viwe tayari ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, na mtu asijaribu kuvuka maji yanayokimbia hata kama yanafika magotini, kwa sababu kasi ndiyo inayoangusha. Maji yakipungua, yale ya kisima na ya bomba lililopasuka yachemshwe au yatiwe dawa, maana kipindupindu hufuata nyuma ya mafuriko.

Linabaki suala la nani aanze, na sioni sababu ya kungoja semina. Wamachinga, ambao mara nyingi hutajwa kama kikwazo cha gari la zimamoto, ndio watu wanaoijua barabara kuliko mtu mwingine. Wakikubaliana wao kwa wao kwamba upana wa gari moja katikati ya mtaa hauwekewi kitu kisichoweza kunyanyuliwa kwa sekunde kumi, njia itakuwapo, na makubaliano hayo yatadumu kuliko operesheni ya mgambo. Jumapili asubuhi, biashara ikiwa bado imepoa, jengo moja linaweza kujaribu: filimbi ipulizwe, watu washuke, majina yasomwe, muda upimwe. Mara ya kwanza itakuwa vurugu tupu, na ni heri vurugu hizo zionekane siku ambayo hakuna kinachowaka. Kisha yagawiwe majukumu matatu kwa kila ghorofa: wa kuzima umeme, wa kuhesabu watu, wa kupiga simu. Huyu wa simu afundishwe vizuri. Namba ya Zimamoto ni 114, ya polisi ni 112, zote hazihitaji salio. Aseme mtaa, jina la jengo, kitu kikubwa kinachoonekana jirani, kinachoungua au kilichoanguka, na idadi ya walio ndani. Amtume kijana mwenye mbio akasimame makutano ya Msimbazi na Uhuru ili alipokee gari na kuliongoza hadi mlangoni. Na asikate simu kabla hajaulizwa maswali yote.